Gari ya ma'mdogo na rikoli ambayo barua yake isingefika Tanga

Ilianza na voisi ya WhatsApp ya dakika tatu. Ma'mdogo wangu yuko Tanga, nesi mstaafu, ana kagari kake kadogo ka Kijapani, kalisajiliwa Japan mara ya kwanza 2007 halafu kakashuka bandarini Dar mwanzoni mwa 2015, na tangu hapo ndiko kanampeleka sokoni na kanisani, na asubuhi kanampeleka mjukuu shule akiwa kakaa mbele kwa sababu ana miaka kumi na moja na anajiona mkubwa. Jina la kampuni naliacha, maana kisa hiki kingeweza kuwa cha gari yoyote ya Kijapani ya miaka ile. Kwenye voisi anasema, "Baba, nimetumiwa klipu hapa, eabegi imepasuka ikarusha vyuma kama bomu, wanasema magari yetu haya ndio yameitwa yarudi. Sasa hii yangu imo? Nani wa kuniambia?"

Hilo la mwisho ndio swali lenyewe. Nani wa kukuambia?

Kwa asiyejua, eabegi ni ule mfuko wa hewa unaojaa gari ikigonga, na rikoli ni pale kampuni iliyotengeneza gari inapogundua (au inapobanwa mpaka ikubali) kwamba gari ilizouza zina kitu cha hatari, inaripoti serikalini, halafu inaziita zirudi zirekebishwe na mwenye gari halipi kitu. Inaita kwa barua. Na barua inaenda kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili wa nchi ile gari ilikouzwa ikiwa mpya. Sasa gari ikishafutwa kwenye usajili wa Japan ili ipakiwe melini, pale kwenye daftari lao imeishia hapo, hakuna mwenye gari tena, hakuna anwani. Ma'mdogo hayumo, yadi iliyomuuzia haimo, Tanga haimo. Ungekaa miaka kumi unasubiri hiyo barua na isingekuja, na sio kwamba gari yako ni nzima.

Kabla hajaniuliza mimi alikuwa ameshasaidiwa na kijana wa jirani, mtoto mzuri tu, anajua kompyuta. Kijana kaingia Google kaandika kuangalia rikoli ya gari, ikamletea ukurasa wa NHTSA, ile ofisi ya usalama barabarani ya Marekani, ambao kweli ni mzuri na ni bure, unaweka namba ya gari inakwambia. Lakini ule ukurasa unataka namba yenye herufi na tarakimu 17, na gari iliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japan haina namba ya 17. Ina namba ya chasisi ya Kijapani, yaani herufi na tarakimu chache za modeli, kistari, halafu tarakimu kadhaa, mara nyingi saba. Fupi. Kijana akaona hazitoshi akaongeza sifuri mbele mpaka zikafika 17! Nilicheka, ila ukifikiria ni kitu ambacho hata mimi ningefanya miaka ile sijajua. Ukurasa ukakataa, ukasema namba sio sahihi.

Hapo angeishia ingekuwa afadhali. Akahamia ukurasa mwingine, wa kulipia, unaouza historia ya magari, wakalipa dola kumi na kitu kwa kadi ya shemeji yake, ikaja ripoti ya PDF inapendeza, ina nembo, ina alama ya tiki ya kijani, imeandikwa hakuna rikoli iliyopatikana. Ma'mdogo akaniforwadia na hiyo PDF chini ya voisi. Kwa hiyo alikuwa ananiuliza huku jibu analo mkononi, ila moyo umemkatalia. Unesi ule, miaka thelathini ya kusoma majibu ya maabara, anajua kuna siku karatasi inasema hakuna malaria na mtu anatetemeka mbele yako.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. "Haikupatikana" na "haipo" ni vitu viwili. Ile ripoti haikusema gari ni safi, ilisema kwenye makaratasi tuliyo nayo sisi hatujaiona namba yako. Kama makaratasi yao ni ya Marekani, na gari haijawahi kukanyaga Marekani, wataiona wapi? Ni sawa na kwenda kumtafuta mtu kwenye rejista ya hospitali ya Mwanza wakati alilazwa Mtwara, ukaambiwa hayupo, ukarudi nyumbani kusema hakuugua.

Nikampigia. Shikamoo, marahaba baba, habari za huko, nzuri, halafu nikamwomba anitumie namba ya chasisi. Akanitumia picha ya kadi ya gari akiwa ameizungushia kalamu nyekundu namba fulani. Nikaichukua nikaiandika, nikahangaika nayo nusu saa, haiingii popote. Ilikuwa namba ya injini. Kwenye kadi zimekaa jirani na yeye kaona ndefu ndefu basi kazungushia. Sikumwambia kitu, nikasoma ile nyingine.

Lakini hata ile ya kwenye kadi sikuiamini moja kwa moja, kwenye kadi namba imeandikwa na binadamu na binadamu anachanganya 0 na O, 8 na B. Namba ya kweli ni ile iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe. Kwenye gari nyingi ndogo za Kijapani ukifungua boneti iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani, nyingine iko sakafuni chini ya siti ya mbele, unafunua kapeti unaiona. Fundi wake akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, akapiga picha, ikalingana na ya kwenye kadi. Kazi ya dakika tano. Ukiona hazilingani hapo una tatizo lingine kubwa kuliko eabegi, na sio la makala hii.

Sasa tuingie kule kwenye daftari lenyewe. Kampuni za magari za Japan, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Suzuki, Mitsubishi na wengine, kila moja ina ukurasa wake wa Kijapani ambapo mtu anaweka namba ya chasisi anaambiwa gari ile imeitwa au haijaitwa. Bure, na huhitaji kujiandikisha. Tatizo ni lugha tu. Mimi huwa naandika jina la kampuni halafu naongeza haya maneno: リコール 車台番号. La kwanza ndio rikoli yenyewe kwa Kijapani, la pili ni namba ya chasisi. Hakikisha unaingia ukurasa wa kampuni yenyewe ya Japan, sio wa mtu anayeuza ripoti. Unakuta mara nyingi visanduku viwili, cha kushoto unaweka zile herufi za modeli kabla ya kistari, cha kulia zile tarakimu za baada. Kistari chenyewe kama wameshakichora katikati usikiandike. Ukiambiwa umekosea angalia kibodi, wakati mwingine simu inaandika zile tarakimu pana za Kijapani.

Yakaja majibu. Nikabonyeza kutafsiri na simu ikaniambia "gari lako ni lengo". Lengo! Nilishtuka nikadhani wamemwekea mtu bunduki. Kumbe ni neno 対象, maana yake gari imo kwenye zile zinazohusika. Kwa hiyo usiamini tafsiri ya simu kwa haraka, tafuta haya maumbo kwa macho: 実施済 ni imeshafanyika, 未実施 ni bado. Hilo la pili ndilo la kulitafuta. Kwenye gari ya ma'mdogo zilikuja rikoli tatu. Mbili 実施済. Ya tatu, mfuko wa hewa wa upande wa abiria wa mbele, 未実施.

Upande wa abiria. Ambapo mjukuu anakaa.

Kabla sijampigia nikarudi kwanza kwenye tarehe, maana nilitaka kuelewa ilikuwaje mbili zikafanyika na moja ikabaki. Kwenye mafaili yake kulikuwa na karatasi ya Japan ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, imeandikwa mwishoni mwa 2014. Rikoli ile ya tatu ilitangazwa 2016. Basi ikawa wazi. Siku kampuni inatangaza, gari ilikuwa na pleti za T inazunguka Ngamiani mwaka wa pili. Hakuna mtu aliyezembea kule, hakuna mtu aliyedanganya huku. Gari ilitoka kwenye daftari kabla wito haujatoka.

Na hii tarehe ya kutoka Japan ni kitu cha kukiangalia wewe mwenye gari, kwa sababu kuanzia Mei 2018 serikali ya Japan iliweka sheria kwamba gari yenye eabegi za hatari za Takata ambayo haijarekebishwa haipiti ukaguzi wao, ile shaken wanayoiita wao. Kwa hiyo gari iliyoendelea kutembea Japan baada ya pale na ikapita ukaguzi ina nafasi nzuri kwamba imefanyiwa. Iliyotoka kabla, au iliyofutwa usajili ukaguzi ukiwa umekaribia kuisha mwenye gari hataki gharama, hiyo ndio ya kuiangalia mara mbili. Na hizo za pili ni nyingi tu, maana ndivyo gari nyingi zinavyotufikia.

Nimeitaja Takata, wacha niseme kidogo. Takata ilikuwa kampuni ya Japan inatengeneza mikanda na eabegi kwa ajili ya karibu kila mtengeneza magari unayemjua. Nyuma ya mfuko wa hewa kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali, gari ikigonga vinaungua kwa kasi, vinatoa gesi, mfuko unajaa ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takata walitumia amoniamu naitreti, jamii ile ile ya mbolea na baruti za migodini, na vikopo vingi havikuwa na kitu cha kunyonya unyevu. Miaka inavyopita joto likipanda mchana likishuka usiku, unyevu ukiingia, vile vidonge vinachakaa, vinakuwa kama biskuti iliyoachwa nje ya pakiti. Siku vikiungua vinaungua kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, kikopo kinashindwa kuhimili, kinapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye mfuko kwenda kwa mtu. Mei 2009 kule Oklahoma alikufa msichana wa miaka 18 kwenye ajali ndogo kabisa ya eneo la kuegesha magari, ajali ambayo kwa kawaida mtu anashuka anagombana kuhusu bampa. Marekani peke yake wamehesabu vifo zaidi ya 20, vikopo vilivyoitwa kule ni kama milioni 67, dunia nzima inakaribia milioni 100. Januari 2017 kampuni ilikubali kukiri kosa Marekani na kulipa dola bilioni moja, Juni mwaka huo huo ikaomba kufilisika.

Kuna kitu kimoja hapo kwetu sisi watu wa pwani tukisikilize vizuri. Wamarekani walipopanga nani aanze kubadilishiwa walianza na sehemu za joto na unyevu, Florida, pwani ya Texas, Hawaii, Puerto Rico, kwa sababu ndiko vidonge vinakoharibika haraka. Malaysia nako watu walikufa. Sasa Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hali ya hewa yake iko karibu na Florida au na Sapporo, kule kwenye baridi kaskazini mwa Japan? Gari imekaa juani Tanga miaka yote hiyo, shati linaloa mgongoni saa mbili asubuhi. Umri na hewa, vyote viwili inavyo.

Basi nikapiga simu. Ma'mdogo hakupiga kelele wala nini, aliuliza kama daktari, "Upande gani?" Nikamwambia wa abiria. "Usukani je?" Nikamwambia wa usukani haukutajwa. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi kuanzia leo huyu anakaa nyuma." Na akaweka kikapu cha sokoni kwenye siti ya mbele ili mtoto asibishane. Hiyo ndio hatua ya kwanza na haikugharimu kitu, ukishajua ni mfuko wa abiria ile siti inabaki tupu mpaka ibadilishwe. Ingekuwa wa usukani ningemwambia aipaki.

Halafu wakaanza washauri. Hapa pana utamu wake na uchungu wake.

Wa kwanza jamaa wa yadi iliyomuuzia, akamwambia mama gari ya Japan imekuja na karatasi ya ukaguzi, ipo safi. Nikaomba picha ya hiyo karatasi nikaisoma yote. Breki, taa, matairi, kutu, mionzi, namba ya chasisi. Kitu rikoli hakimo. Ukaguzi unaangalia gari siku ile iko vipi, hauangalii kampuni imekiri nini mwaka mmoja baadaye, sio kosa la karatasi, ni sisi tunaitwika mzigo usio wake. Tena akaongeza, "Na stika si unayo mlangoni?" Kweli, ukifungua mlango wa dereva pale kwenye nguzo karibu na kile chuma mlango unapojifunga kuna kastika kadogo kenye namba, ndivyo Wajapani wanavyoweka alama wakimaliza kazi ya rikoli. Ma'mdogo alikuwa anakaona miaka yote anadhani ni bei ya mnada. Lakini ile namba kwenye stika ni ya rikoli moja, ile ile tu. Nikailinganisha na majibu ya ukurasa, ilikuwa ya swichi ya madirisha. Swichi! Gari ina stika inayosema nimefanyiwa rikoli, na ni kweli imefanyiwa, na bado ile inayoua haijafanyiwa. Na kuna gari nyingine huko duniani zilibadilishiwa eabegi mwanzoni kwa kikopo cha aina ile ile ila kipya, kwa sababu vizuri vilikuwa havitoshi, zikaja kuitwa tena mara ya pili. Kwa hiyo "ilishafanyiwa" bila kusema namba ipi na mwaka gani ni maneno tu.

Wa pili fundi umeme. Kapiga mashine, kaunganisha na ile soketi chini ya usukani, kasema mama hakuna kodi ya hitilafu, taa ya eabegi haiwaki, mfumo mzima uko freshi. Nampenda huyu fundi, ni mkweli, ila hapa alikuwa anajibu swali lingine. Kompyuta ya eabegi inapima waya, inapima kama umeme unafika na kurudi. Haina jinsi ya kujua vidonge ndani ya kikopo vimekuwaje. Kikopo kibovu na kizima kwenye mashine vinasoma sawasawa, mpaka siku vinapowaka. Ndio maana hii hatari ni ya kimya, hakuna taa, hakuna mlio, hakuna harufu.

Wa tatu ndiye aliyenitia hofu, fundi mwingine, rafiki wa huyu. Alikuja na mipango miwili. Mmoja, achomoe mfuko wa abiria kabisa aweke kirizista kidogo, kidude cha umeme, kwenye soketi ili taa isiwake, elfu thelathini. Wa pili, aagize mfuko kutoka kwenye gari iliyochinjwa, spea za Ilala, laki na nusu, unafunga siku hiyo hiyo. Wa kwanza unampa mtu gari isiyo na mfuko wa abiria na taa inayodanganya kwamba upo, siku akiuza mnunuzi hajui. Wa pili ni mbaya zaidi na watu hawauoni. Ile gari iliyochinjwa ni modeli ile ile, miaka ile ile, kikopo kile kile, unaweza ukatoa kibovu ukaweka kibovu kingine, tena hiki kimekaa rafuni kwenye joto bila mtu kujua kimetoka kwenye chasisi gani. Ukurasa wa Japan utaendelea kusema 未実施 na hautakuwa unakosea. Halafu kuna suala la yeye fundi mwenyewe. Kile ni kilipuzi, mtu anakichomoa kwa bisibisi betri haijatolewa, uso ameuelekeza pale pale. Ma'mdogo akamkataa kwa upole, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeshona nyuso nyingi."

Ikabaki njia moja, wakala wa kampuni hiyo hapa nchini, ambaye yuko Dar. Nikaenda mimi mwenyewe kwanza nikiwa na simu tu. Mapokezi dada akaniambia gari hiyo hatukuuza sisi, ni yuzdi ya kutoka nje, hatuhusiki. Na hapa wengi ndio wanageuza. Mimi nilikuwa nimejiandaa, sikubishana, nikaomba kuonana na mtu wa sevisi anayeshughulikia rikoli, nikampa karatasi moja tu yenye namba ya chasisi, picha ya namba iliyogongwa, skrinishoti ya ukurasa wa Japan na namba ya rikoli. Jamaa akaangalia, akaingiza kwenye mfumo wao, akasoma kimya, akasema ndiyo, iko wazi. Ilichukua dakika kumi. Akasema kifaa na kazi ni bure ila kifaa hakipo, kinaagizwa, tutapiga. Sikusema kila wakala atakujibu hivyo, nasema tofauti ya mapokezi na ndani ilikuwa ile karatasi. Ukienda na "nimesikia magari yanaitwa" unarudishwa, ukienda na namba ya chasisi na namba ya rikoli wanalazimika angalau kuangalia. Na kama wangegoma moja kwa moja ningeomba waniandikie, nikaipeleka FCC, Tume ya Ushindani, maana kumlinda mlaji ni kazi yao kisheria.

Ikapita wiki tisa. Nilipiga mimi mara nne, wao mara moja, hiyo moja ndio ya kusema kimefika.

Akaja na gari kutoka Tanga, kilomita kama mia tatu na hamsini, peke yake mbele, kikapu kimefungwa mkanda kwenye siti ya abiria kama mtu mzima, trafiki mmoja pale Msata alimuuliza mama huyu nani akasema huyo ni mgonjwa wangu. Kazi yenyewe ilichukua chini ya masaa mawili. Kikopo cha zamani walibaki nacho, ndivyo inavyotakiwa, kile hakirudi mtaani. Nikaomba watupe karatasi ya kazi iliyofanyika yenye namba ya chasisi na tarehe, wakatupa, iko kwenye faili na kadi ya gari. Niliangalia ukurasa wa Japan wiki mbili baadaye, bado unasema 未実施. Nikamuuliza jamaa wa sevisi, akasema wao wameshairipoti kwenye mfumo wao, ule wa Japan sio wao wanaouandika. Ndio maana ile karatasi isipotee, mnunuzi wa kesho akiangalia kule ataona bado.

Wenye gari za kwingine kwa haraka tu. Kama yako ilitoka Uingereza, kama zile nyingi za Nairobi, ina namba ya 17 na serikali ya kule ina ukurasa wa kuangalia rikoli, tena kwa pleti ya zamani ya Uingereza unaona historia yake ya ukaguzi wa MOT. Kama ilitengenezewa soko la Marekani, kama nyingine zinazopitia Dubai au Oman, basi hapo ule ukurasa wa NHTSA ndio mahali pake, ila unaonyesha tu zile ambazo hazijafanyika na haurudi nyuma zaidi ya miaka 15. Unaanza na swali gari hii iliuzwa wapi ikiwa mpya, ndipo unajua pa kuuliza.

Mjukuu karudi mbele. Jumapili jirani yake, yule baba wa kijana wa kompyuta, kaja na yeye anataka kuangaliziwa ya kwake, ma'mdogo kamwelekeza vizuri kabisa, kamwambia usilipe mtu, kapiga picha ya kadi kanitumia, kaizungushia namba kwa kalamu nyekundu.

Ya injini.